Roboti haijui ubwiri unga

Msomaji mmoja wa Nachingwea ameniandikia ujumbe mrefu. Ameanzisha baraza la mtandaoni kwa ajili ya wakulima wa ufuta, na kila asubuhi anakuta wanachama wapya wenye majina yasiyosomeka, ambao hawaulizi bei wala mbegu, bali wanaacha viungo vya michezo ya kamari na kutoweka. Amechoka, na anafikiria kulifunga baraza na kuwahamishia watu wake kwenye kundi la WhatsApp. Ameniandikia kwa sababu amesikia kwamba baraza letu la wakulima wa korosho, ambalo wanachama wake wengi wako Newala, Tandahimba na Masasi, lilipata balaa hilohilo na sasa ni safi. Alichosikia ni kweli, nami sitajitia unyenyekevu: ni safi kwa sababu nililisafisha mwenyewe, wakati watu wengi walikuwa wamekwisha kulikatia tamaa.

Balaa lenyewe lilitufika wakati minada ya korosho imepamba moto, yaani katika majuma ambayo mkulima ana haja kubwa kuliko wakati wowote ya kujua bei ya ghala la jirani. Mtu alikuwa akiuliza kuhusu malipo ya stakabadhi ghalani, yaani hati anayopewa mkulima kwa mazao aliyoyaweka ghalani, na chini ya swali lake linajitokeza tangazo la dawa za nguvu za kiume, kisha la mikopo, kisha maandishi ya Kirusi ambayo hakuna aliyeweza kuyasoma. Wazee waliacha kuingia. Katika mkutano mmoja wa ushirika, kiongozi fulani alisimama mbele ya watu akasema kwamba baraza la mwalimu, akimaanisha mimi, limegeuka gulio la dawa za nguvu za kiume, na ukumbi mzima ukacheka. Maneno hayo sijayasahau, na aliyeyasema hajapata kuyafuta, ingawa siku hizi yeye mwenyewe huingia barazani kuangalia bei.

Ndugu yangu wa Nachingwea ananiuliza ni nani anayemchukia kiasi hicho. Hakuna anayemchukia, na hilo ndilo jambo la kwanza la kulielewa. Anayejisajili ni roboti, yaani programu inayozunguka kwenye intaneti usiku na mchana ikitafuta tovuti zilizojengwa kwa mitambo ya mabaraza inayotumiwa na watu wengi. Kwa kuwa mitambo hiyo hutoa fomu ya usajili yenye visanduku vilevile na majina yaleyale ya visanduku, programu huijaza bila kujua imefika kwa wakulima wa ufuta au kwa wapenzi wa magari. Inafanya kazi kama mtu mwenye ufunguo mmoja anayejaribu kila kufuli la mtaa. Inachokitafuta ni kiungo, kwa sababu injini za utafutaji, kama Google, huipa hadhi tovuti inayotajwa na tovuti nyingine. Mwaka 2005 Google, Yahoo na Microsoft zilikubaliana kuheshimu alama iitwayo nofollow, ambayo huiambia injini isikihesabu kiungo kilichowekwa na mgeni. Roboti hazikukoma, kwa sababu kuacha kiungo katika tovuti moja zaidi hakuzigharimu chochote. Lakini kutokana na tabia hiyo utaona udhaifu wao: hakuna mtu atakayeketi kuuchunguza mlango wa baraza la Nachingwea peke yake. Ukiufanya mlango wako utofautiane na maelfu ya milango mingine, roboti nyingi zitapita.

Hapo ndipo fundi niliyemlipa mjini alipokosea, na nasema haya kwa uchungu kwa kuwa fedha ilikuwa yangu. Aliniwekea mafumbo ya picha yajulikanayo kama kapcha, akaniambia mambo yamekwisha. Kapcha ni wazo lenye heshima yake. Jina hilo lilibuniwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 na Luis von Ahn na wenzake wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon huko Marekani, na kwa miaka mingi liliwasaidia wengi. Ila fikiria mzee wa Kitangari anayeambiwa achague picha zote zenye bomba la zimamoto la kando ya barabara, au basi la shule la rangi ya njano, vitu ambavyo hajapata kuviona katika njia anayopita. Wazee walishindwa, vijana wakachoka kusubiri picha zifunguke kwenye mtandao hafifu, na roboti zikaendelea kuingia. Zipo huduma ambazo kwa dola chache huwalipa watu wafumbue mafumbo elfu moja kwa niaba ya roboti, na mwaka 2024 watafiti wa ETH Zurich walionyesha kwamba programu inaweza kuyafumbua mafumbo ya picha ya Google yote. Kwa hiyo tulikuwa na mlango unaowazuia wenye nyumba na kuwapitisha wezi. Nilimwambia fundi hivyo, akaniambia wakulima wangu hawajui kompyuta.

Niliyaondoa mafumbo yake, nikaweka swali moja la maandishi: Tunaipulizia mikorosho salfa ili kuzuia ugonjwa gani? Kila aliyewahi kubeba bomba la kupulizia mgongoni anajua ni ubwiri unga. Roboti iliyozoea kujaza barua pepe na neno la siri haina cha kuandika hapo. Sitasema kwamba hakuna programu inayoweza kulijibu. Programu za kisasa za lugha zinaweza. Lakini anayesajili akaunti kwa maelfu hatumii gharama hiyo kwa ajili ya kijibaraza kimoja cha kusini, na akifika anayefanya hivyo, swali hubadilishwa kwa dakika moja. Kwa wanachama wetu wanaoishi Dar es Salaam, ambao hawajapulizia salfa tangu utotoni, tuna swali la jina la tunda linaloning'iniza korosho, nao huandika bibo bila kufikiri.

Kuna adabu ya kutunga maswali haya, na wengi hawaijali. Usiulize swali la majibu mawili, kwa mfano kama ming'oko huliwa au huvaliwa, maana anayebahatisha atapata nusu ya mara zote. Usiulize hesabu ya moja jumlisha moja, kwa kuwa roboti ziliijua siku nyingi. Kubali kila namna ambayo watu wako huandika jibu. Sisi tunapokea ubwiri, ubwiri unga na ubwiriunga, kwa herufi kubwa au ndogo. Ukimkatalia mkulima kwa sababu ya nafasi kati ya maneno mawili, umemtukana mlangoni pako, na hatarudi.

Nyuma ya swali hilo kuna mitego miwili ambayo mwanachama haioni. Wa kwanza ni kisanduku kilichofichwa katika fomu: binadamu hakioni, hivyo hukiacha kitupu, lakini roboti hukijaza kwa pupa na hapo usajili wake hukataliwa. Hakikisha tu kwamba simu ya mtu haikijazi yenyewe kwa taarifa ilizozihifadhi. Wa pili ni muda, kwani hakuna mwanadamu anayesoma na kujaza fomu nzima ndani ya sekunde mbili.

Usifunge ovyo anwani za intaneti, yaani namba ambazo simu na kompyuta za watu huingia nazo mtandaoni. Nitalirudia jambo hili kila nitakapopata nafasi, kwa kuwa ndilo shauri ambalo kila anayejiita mtaalamu hulitoa kwanza. Anwani za mfumo wa zamani hazizidi bilioni 4.3 kwa dunia nzima, na kampuni za simu hulazimika kuwapa wateja wengi anwani moja kwa wakati mmoja. Wewe unadhani umemfungia mhalifu mmoja, kumbe umewafungia watu wa wilaya nzima wanaotumia laini ya kampuni hiyo, na wao hawatajua sababu, wataona tu kwamba baraza lako ni bovu.

Kuhusu kuthibitisha kwa namba ya simu badala ya barua pepe, nakubaliana na msomaji wangu kwamba wakulima wengi hawana barua pepe, na kwamba tangu laini zianze kusajiliwa kwa alama za vidole, namba ina uzito. Hata hivyo kila ujumbe wa uthibitisho unaulipia wewe, na wapo matapeli wanaozifanya fomu za namna hiyo zitume jumbe kwenye namba ghali za nje. Ruhusu namba zinazoanza na +255 pekee. Kumbuka pia kwamba ukikusanya namba za watu unaingia chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kwa hiyo usikusanye usichokihitaji na usiache orodha yako wazi. Sisi hatuombi namba.

Lakini hata mlango ukiwa imara, kinachoivunja roboti moyo, kama ina moyo, ni kukosa faida ndani. Katika baraza letu mwanachama mpya haweki kiungo chochote, ukurasa wake wa utambulisho hauonekani kwa wageni, na ujumbe wake wa kwanza husomwa na mmoja wa wasimamizi kabla ya kutokea. Wasimamizi wetu ni wakulima, hawalipwi, nao hugawana siku. Nawaambia wenzangu wanaoanzisha mabaraza kwa shangwe na kuyaacha bila mtu: mmewaita watu kwenu, basi kaeni nao. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuwatumia watu jumbe wasizoziomba, lakini mtumaji yuko nchi za mbali na hakuna polisi wa Lindi atakayemfuata kwa ajili yako. Anayetaka baraza safi na hataki kulisoma kila siku afunge tu, na asiwasumbue wakulima kwa kuwaahidi kitu asichokusudia kukitunza.

Limebaki swali lake la mwisho, la akaunti za uongo zilizokwisha kuingia. Hifadhi kwanza nakala ya baraza lote mahali pengine. Kisha tenga akaunti ambazo hazijaandika ujumbe wowote lakini zimeweka anwani ya tovuti katika utambulisho wake. Hizo futa zote pamoja. Zilizoandika zisome moja moja, kwa sababu utawakuta watu wa kweli waliojipa majina ya ajabu, na mmoja wao kwetu alikuwa karani wa AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, ambaye sasa ndiye anayetuwekea bei za mnada kila wiki. Ambazo hazijaandika chochote wala kuweka chochote ziache. Huenda ni wakulima wanaosoma tu.