Kwa nini nilibaki nimekaa

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako niliupata Jumanne, ukiwa umeshafika Dar es Salaam. Umeniuliza: "Baba, miaka yote umetufundisha kwamba Yesu alilipa yote msalabani. Mbona Jumapili ya Pasaka ulibaki umekaa watu walipokwenda Mezani pa Bwana? Dhambi gani hiyo iliyoishinda neema?" Vidole vyangu ni vizito kwenye vioo hivyo vyenu, kwa hiyo nimechukua kalamu.

Hakuna iliyoishinda. Lakini nisikimbilie huko.

Unakumbuka alfajiri ile makaburini. Sisi Wamoravian desturi hiyo asili yake ni Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1732, vijana walipopanda makaburini kabla jua halijachomoza. Nasi tumeirithi kwa wamisionari waliofika Rungwe kuanzia 1891. Tangu utoto naipenda kuliko Krismasi: tarumbeta ndani ya ukungu, sisi wazima tumesimama katikati ya waliolala, tunawapasha habari. Mvua nayo, ya Tukuyu, haijui sikukuu. Pale mteremkoni niliteleza, na aliyenidaka ni mama mmoja mwenye mwavuli. Ulipouliza ni nani nikakujibu, "Ni wa ushirika wetu wa zamani." Yeye aliniambia, "Bwana amefufuka, baba." Jibu lake, "Amefufuka kweli," unalijua tangu shule ya Jumapili. Mimi nilikohoa.

Mwaka 1997 nilikuwa katibu wa wazee wa kanisa kule. Mama huyo alikuwa binti wa miaka kumi na tisa, akapata ujauzito, tukamtenga. Jina lake nililiandika mimi, na Jumapili nikalisoma mimi mbele ya watu. Kijana aliyehusika nilimjua. Baba yake, mzee mwenzangu, aliniambia mwenyewe usiku mmoja, akaniomba lisitoke. Huyo ndiye aliyenidhamini mkopo wa mabati ya nyumba uliyokulia. Nikanyamaza. Kijana akaendelea kuimba kwaya na kushiriki Meza. Binti akakaa benchi la nyuma, karibu na mlango, mtoto mgongoni.

Kiswahili kina akili. Kukosa ni kutenda vibaya, na kukosa ni kutokuwa na kitu. Mimi nilikosa kwa kukosa neno moja.

Ndiyo maana Petro namwelewa. Yohana anasema usiku ule Yesu alipokamatwa kulikuwa baridi, watumishi wakafanya moto wa makaa, Petro naye akawa anakota. Aliyekulia huku kwetu anajua mtu akishapata nafasi motoni alivyo mzito kuinuka. Ukiulizwa kama wewe si mmoja wao, kukubali ni kurudi gizani kwenye baridi. Nami nilikuwa nakota moto wa watu, mwanangu. Bati lao lilikuwa juu ya kichwa changu.

Kisha Yohana huyohuyo, baada ya kufufuka, anatuonyesha moto wa makaa mwingine, ufukweni, na samaki juu yake. "Njoni mfungue kinywa." Chakula kwanza, swali baadaye. Lakini swali lilikuja, "Wanipenda?", tena mara tatu, na Petro akahuzunika. Wahubiri wetu wengi huiruka huzuni hiyo, wanakimbilia "lisha kondoo zangu". Mimi naona bila ule samaki Petro asingelistahimili lile swali, angerudi ziwani.

Sasa neema. Wazee wa huku wakisema mwaka wa neema, wanasema mvua na ndizi. Mvua haiulizi shamba ni la nani, na sijawahi kudhani kwamba mimi imeniruka. Ilikuwa ikininyeshea miaka yote, nami nimesimama chini ya bati.

Jumapili ile nilipoinuka kwenda Mezani nilimwona yule mama mistari miwili mbele yangu, mwavuli ukichuruzika miguuni pake. Nikakumbuka lile neno la kuiacha sadaka mbele ya madhabahu, ukapatane kwanza. Nikakaa. Basi lako lilipoondoka Jumatatu, nilikwenda kwake.

Alinipa chai ya maziwa kabla hajaniuliza lililonileta. Nikamweleza yote, hata habari ya mabati. Akawa anageuza viazi jikoni, kimya, mpaka nikatamani anitukane. Halafu akasema, "Mwalimu, nilijua kwamba unajua. Niliona ulivyolisoma jina langu bila kuinua macho." Akasema alishanisamehe zamani, maana kumbeba mtoto na kunibeba mimi pamoja kulimshinda.

Nilidhani tumemaliza. Nilipoinuka akaniambia hapo kanisani pana binti mwingine ametengwa mwaka huu, peke yake vilevile. "Msamaha nimekupa bure, hili si malipo. Lakini haya uliyoniambia mimi, nenda ukawaambie wazee."

Kikao chao ni Jumamosi ya wiki ijayo. Nimeomba nafasi, wamenipa, hawajui ya nini. Mzee mwenzangu yule alishafariki. Mwanawe nilimpigia simu jana, nisije nikalisema kikaoni kabla yeye hajalisikia kwangu. Nilifika katikati, simu ikakatika, au aliikata. Nitajaribu tena leo jioni.

Mama yako anahofia maneno ya watu, usiku hapati usingizi vizuri. Mpigie, lakini usimpigie kwa ajili ya hili. Muulize habari za kuku wake.

Ndizi na parachichi nimempa kondakta wa basi la kesho, mzigo una jina lako. Yale matatu ya juu yameshaiva, anza na hayo.

Baba yako