Maswali na majibu: Bakteria wa chupa hawaondoi tope kwenye bwawa la kamba

Nusu ya maswali ya wafugaji wa kamba safari hii ni yaleyale ya chupa, wale bakteria wanaouzwa dukani eti wasafishe bwawa. Nayajibu tena, lakini jamani someni mpaka mwisho, manake mtu anasoma mstari mmoja anakimbilia dukani.

*Nimemwaga bakteria bwawani mara tatu na bado kamba wanaelea juu alfajiri. Chupa gani iko na nguvu zaidi? (Ngomeni)*

Hakuna. Kamba akipanda juu alfajiri anatafuta hewa, hatafuti dawa. Usiku kile kijani cha maji hakitoi oksijeni, kinavuta, tope linavuta, kamba wanavuta, na wewe umewaongezea bakteria wanaovuta pia, sasa itabaki ya nani? Leo punguza chakula, na maji yakijaa fungua lango uingize maji mapya.

Halafu ingia bwawani mwenyewe, ushike tope la katikati kwa mkono. Likiwa jeusi na linanuka yai viza, hiyo ni salfaidi, gesi ya sumu, inaua kamba kutoka chini wewe ukiangalia juu. Limetoka kwa chakula chako. Katika nitrojeni ya chakula unachomwaga, inayoingia kwenye mwili wa kamba ni kama robo hivi, nyingine yote inabaki kwa maji na tope. Bakteria wa kugeuza amonia (sumu ya kinyesi na chakula kilichooza) kuwa naitraiti kisha naitreti wapo tayari baharini na bwawani kwako, ila wanazaana polepole na bila oksijeni hawafanyi kazi. Weka sinia la chakula chini, lipandishe baada ya saa mbili, ukikuta chakula kimebaki basi unamwaga pesa. Na amonia pimeni alasiri, si asubuhi pekee, manake jua likiwaka pH (kipimo cha uchachu wa maji) inapanda na amonia ileile inakuwa sumu zaidi.

*Molasi inasaidia? (Gongoni)*

Inasaidia kwa mwenye mashine ya kupiga maji usiku na mchana na jenereta ya akiba. Molasi ni uji wa sukari ya miwa, na sukari inawapa bakteria nguvu wanaila amonia haraka, lakini wanamaliza hewa haraka vilevile. Huna mashine, usiguse molasi.

*Naweza kuvuta maji ya mto Sabaki? (Mambrui)*

Mvua zikinyesha bara, hapana. Unayaona yalivyo mekundu. Yatulize kwanza kwenye bwawa tupu.

*Kuna dawa ya binadamu, antibaotiki, nimeambiwa nichanganye na chakula. Kiasi gani? (hakutaja anakotoka)*

Usichanganye hata kidogo. Unaua bakteria wanaokusafishia bwawa, unawaacha vibrio sugu, wale bakteria wa ugonjwa, na kama ni ugonjwa wa madoa meupe wa kamba unaouogopa, huo ni wa virusi, antibaotiki haiviwezi. Ugonjwa huo ulishaingia Msumbiji 2011 na Madagaska 2012, si mbali na sisi, kwa hiyo mtu akikuletea vifaranga vya kamba vya magendo visivyopimwa mfukuze.

*Tuna ardhi ya mikoko, tunataka kukata tuchimbe mabwawa, maji yatasafishwa na bakteria. Ni sawa? (Faza)*

Si sawa, na hili sitachoka kulisema. Mikoko ndiyo mtambo wenyewe wa kusafisha, unaukata halafu unanunua mtambo kwa chupa! Watafiti walishapiga hesabu miaka ya tisini, hekta moja ya bwawa la kamba inahitaji kati ya hekta 2 na 22 za mikoko kunywa uchafu wake, kulingana na unavyofuga. Tena udongo wa mikoko ukichimbwa ukapigwa na hewa unatoa asidi, maji yanachachuka, utanunua chokaa mpaka ukome. Ngomeni mikoko ilishakatwa kwa mabwawa ya majaribio yaliyoanza 1978 kwa msaada wa FAO, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, nendeni mkaulize wazee wa pale. India Mahakama ya Juu iliamua 1996 mabwawa ya aina hiyo yaondolewe pwani. Na nyinyi Lamu ndio mmeshika sehemu kubwa ya mikoko ya Kenya nzima. Chimbeni nyuma ya mikoko, kwenye jangwa la chumvi, na NEMA, mamlaka ya mazingira, muende kabla ya jembe, si baada.

*Baada ya kuvuna, tope nilifungulie maji yakipwa liende na mkondo? (Mida)*

Liende wapi ndugu yangu? Linaenda kwa kaa wa jirani na kwa nyavu za wanaovua mkizi. Litoe kwa jembe, lirundike juu mbali na maji. Maji ya mwisho yapitishe bwawa la kutuliza tope, mtie samaki wa mwatiko, kisha chaza, kisha mwani umalizie nitrojeni. Mpangilio ni huo huo, ukitanguliza chaza watakabwa na tope wafe.

*Vifaranga vya msimu ujao nimwage lini? (Marereni)*

Bwawa likikauka mpaka sakafu ipasuke nyufa, ukaligeuza, ukatia chokaa, ukajaza maji yakakaa yakashika rangi. Kabla ya hapo usiwalipe wenye vifaranga.