Mshale uko kwenye 7, nasi tunasema saa moja

Dada, umeuliza kwa nini mwanao wa darasa la pili, anayezijua namba zote hadi 100, husema "saa saba" kila aonapo mshale mfupi umeelekea 7 asubuhi. Mtoto hajakosea kusoma. Ni sisi tunaotaja namba tofauti na iliyoandikwa, kwa kuwa hesabu yetu ya saa huanza jua linapochomoza.

Kabla ya kumfundisha kujumlisha au kutoa sita, kata boksi kwa umbo la duara, mwandike namba 1 hadi 12 kuzunguka ukingo, kisha alaze juu yake njiti ya ufagio wa chelewa ipite katikati kabisa: ncha moja ikigusa 7, ya pili itagusa 1, na hiyo ndiyo saa moja, ikigusa 10, ya pili itagusa 4, yaani saa nne. Hapo anajifunza pia duara, kitovu chake na mstari ulionyooka unaoligawa nusu kwa nusu, ingawa neno "kipenyo" linaweza kusubiri. Dakika hazibadiliki, hivyo ziache hadi aimudu saa kamili, nusu na robo.

Kuhusu fedha, nakusihi utumie sarafu halisi badala ya picha: mwachie za shilingi 50, 100 na 200 atafute njia mbalimbali za kupata 500, kwani watoto wengi huamini kwamba sarafu tatu za 100 zina thamani kubwa kuliko moja, hata kama hiyo moja ni ya 500.