Usinunue seva ya muziki kabla hujauliza umeme ukikatika itakuwaje

Huu ni mwaka wa tatu tangu nihamishie santuri na CD zangu zote kwenye seva ya muziki, na haupiti mwezi bila mtu kuja nyumbani kwangu hapa Katuba, mjini Lubumbashi, akaketi kwenye kiti cha katikati, akasikiliza kwa nusu saa, kisha akaniuliza anunue ipi. Mara nyingi huwa amekuja na picha kwenye simu yake inayoonyesha tarakimu za ubora wa sauti: biti 24, biti 32, kilohezi 192, kilohezi 768. Mimi nami nilianza hivyo hivyo. Seva yangu ya kwanza niliichagua kwa kutazama tarakimu, nikaiagiza kutoka Ulaya kwa dola 2,500, fedha ambazo mke wangu huzikumbuka kila ninapojifanya mjuzi wa bajeti, nayo ikaishi miezi minne. Tarakimu zake zote zilikuwa za kweli. Kilichoiua hakikuandikwa popote kwenye karatasi yake.

Ilikuwa jioni ya Oktoba, mvua za kwanza zikiwa zinajiandaa, umeme ukaondoka na kurudi mara tatu ndani ya dakika kumi, wakati seva ikiandika upya orodha ya nyimbo zake. Tangu hapo ikawa inawaka, inaonyesha alama ya kampuni, inabaki hapo hapo. Muuzaji alinijibu kwa adabu kwamba hitilafu inayosababishwa na umeme haimo kwenye dhamana. Sikuwa na hoja ya kumpinga, kwa maana ni kweli umeme ndio uliosababisha; ila nilijifunza kwamba mashine hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya mtu ambaye hajawahi kuwasha mshumaa katikati ya wimbo.

Kwa wasioifahamu, seva ya muziki ni kompyuta iliyofungiwa kazi moja: kutunza mafaili ya muziki, kuyatafuta kwa haraka, na kuyapeleka yakiwa kamili kwenye kigeuzi, kile kifaa kinachobadilisha namba kuwa mawimbi ya umeme ambayo amplifaya itayakuza. Ziko seva zenye kigeuzi ndani yake. Mimi napendelea viwe mbali mbali, kwa sababu kimoja kikiharibika sipotezi vyote viwili.

Mpenzi wa sauti safi anapotoa fedha nyingi kwa ajili ya mashine ya namna hii, anachonunua hasa ni ukimya. Kuna ukimya wa masikio, ambao ni rahisi kuueleza: seva haina budi kukosa feni, ikapoza joto lake kwa mbavu za alumini zilizo ubavuni mwake, na nyimbo zake zikawa kwenye diski isiyozunguka. Hapa Lubumbashi hilo si anasa. Kuanzia Mei hadi Oktoba vumbi letu jekundu huingia hata ndani ya kabati lililofungwa, na feni ndogo ya kompyuta hulivuta mpaka ikaanza kukoroma kama mzee aliyeshiba bukari, ugali wetu. Mashine isiyo na feni haina cha kuvuta.

Ukimya wa pili ni wa umeme, na huo ndio wenye mabishano mengi. Wako wanaosema kwamba namba ni namba, kwa hiyo seva ya dola 300 na ya dola 10,000 lazima zitoe sauti moja. Na wako wanaoapa kwamba kila kipande cha waya kina ladha yake. Nimekuwa katika kambi zote mbili, na nilipoishia ni hapa. Vigeuzi vingi vya leo vinavyopokea muziki kwa waya wa USB hutumia saa yavyo vyenyewe ya kupangia mapigo, na ndivyo vinavyoiambia seva ilete data kwa kasi gani. Kwa hiyo seva haipangi tena mapigo ya muziki, na hofu ya zamani kwamba itayayumbisha imepungua sana. Lakini waya ule ule unaobeba namba hubeba pia uchafu wa umeme kutoka ndani ya kompyuta na chaja yake, na uchafu huo ukifika upande wa kigeuzi unaoshughulikia mawimbi, utausikia kama mvumo au kama pazia jembamba mbele ya mwimbaji.

Nilimwomba mpwa wangu anijaribu. Alikuwa akibadilisha kwa siri kati ya seva yangu ya sasa na kompyuta kuukuu ya mkononi, wimbo mmoja, kigeuzi kimoja, kiwango kimoja cha sauti, nami nikiwa nimempa mgongo. Tulipotumia waya wa mwanga, ambao hauwezi kupitisha umeme hata kidogo, nilipatia mara 11 kati ya 20, sawa na mtu anayerusha sarafu. Tulipotumia USB na chaja ya kompyuta ikiwa imechomekwa ukutani, nilipatia mara 19. Nilichokuwa nikikisikia siku hiyo kilikuwa chaja, wala si faili. Tangu hapo mtu akiniambia kwamba seva fulani ina sauti ya joto, humwuliza kwanza imechomekwa wapi.

Na hilo ndilo linalonileta kwenye waya wa ardhini. Katika mji uliosimamishwa na shaba, nyumba yangu haikuwa na hata fimbo moja ya shaba ardhini. Fundi alichimbia moja karibu na bomba la maji nyuma ya jiko, mahali ambapo udongo hauwi mkavu kabisa, kwa kuwa udongo mkavu wa kiangazi haupitishi umeme vizuri na fimbo iliyochimbiwa hapo hubaki pambo. Mvumo uliokuwa kwenye spika ya kushoto kwa miaka miwili ulikwisha alasiri ile ile. Kazi hiyo ilinigharimu chini ya bei ya waya mmoja wa USB wa kifahari, na sijawahi kufanya badiliko jingine lolote lililosikika kiasi hicho.

Kati ya ukuta na seva nimeweka vitu viwili: kifaa cha kusawazisha volteji, na baada yake kile chenye betri ambacho mjini humu tunakiita onduleri. Cha kwanza ni kwa sababu umeme wa 220 tunaoahidiwa nimeupima ukiwa 160 saa moja jioni, wakati mtaa mzima umewasha reshodi za kupikia, na ukiwa zaidi ya 250 saa nane za usiku. Cha pili hakihitaji kuwa kikubwa, kwa kuwa seva isiyo na feni hula umeme kidogo. Jambo la kuangalia ni kama onduleri inaweza kuiarifu seva kwa waya kwamba umeme umeondoka, na kama seva inajua kuitikia kwa kuyafunga mafaili yake na kujizima yenyewe. Amplifaya usiichomeke hapo, itaimaliza betri kabla seva haijajifunga. Onduleri yenyewe iweke ukumbini au chumba kingine, maana nyingi hunguruma. Radi za Desemba zinapoanza, chomoa kila kitu, pamoja na waya wa intaneti, ambao watu huusahau.

Juu ya tarakimu sitasema mengi. CD, tangu ilipoingia sokoni mwaka 1982, hubeba sampuli, yaani vipimo vya wimbi la sauti, 44,100 kwa sekunde, kila moja ya biti 16. Kiwango hicho hufika masafa ya kilohezi 22, juu ya kile ambacho sikio la kijana husikia, na juu sana ya langu. Rekodi ya biti 24 ni nzuri studioni, ambako fundi anahitaji nafasi ya kukosea. Nyumbani, nimegundua kwamba toleo la bei ghali likiwa tamu zaidi, mara nyingi ni kwa sababu mtu alilisafisha upya kwa uangalifu. Kuhusu aina ya faili, tumia FLAC, iliyopo tangu mwaka 2001: hupunguza ukubwa hadi karibu nusu bila kupoteza hata namba moja, ni huru, na karibu kila mashine huisoma. Saa moja ya muziki wa CD huchukua takribani megabaiti 350, kwa hiyo diski ya terabaiti moja hubeba saa zaidi ya 2,500. Jihadhari na mifumo inayomilikiwa na kampuni moja. MQA, mfumo wa kubana muziki wa ubora wa juu, ilitangazwa mwaka 2014 kwa vishindo, watu wakanunua vigeuzi kwa ajili yake, na mwaka 2023 kampuni yake ikawekwa chini ya usimamizi wa ufilisi.

Muda wangu mwingi haukwenda kwenye mashine, ulikwenda kwenye majina. Seva ya kifahari hujisifu kwamba ukiingiza CD hujaza yenyewe jina la msanii, mwaka na picha ya jalada. Kwa muziki wa Ulaya hufanya hivyo vizuri. Ilipofika zamu ya wanamuziki wetu, yangu ilichanganyikiwa, na siwezi kuilaumu sana. Mpiga gitaa wetu mkuu wa Katanga yuko kwenye majalada ya miaka ya 1950 kama Mwenda Jean Bosco, na kwingine kama Mwenda wa Bayeke. Rochereau ndiye Tabu Ley, na Franco ndiye Luambo Makiadi, na mara nyingine jina la okestra limewekwa mahali pa mwimbaji, na la mwimbaji mahali pa mtunzi. Sera ya majina ya asili ya miaka ya 1970, iliyowataka watu waache majina ya Kizungu, iliongeza safu nyingine. Matokeo yake, nyimbo za mtu mmoja zilitawanyika kwenye seva yangu chini ya majina manne, na mashine ya maelfu ya dola haikuweza kunionyesha kazi zake mahali pamoja.

Kwa hiyo kabla ya kununua, omba uonyeshwe jinsi ya kuhariri taarifa kwa mkono, na uulize kama mabadiliko huandikwa ndani ya faili lenyewe au hubaki kwenye kumbukumbu ya seva tu. Yakibaki kwenye seva, siku itakapokufa, nayo yatazikwa pamoja nayo. Nilipoteza kazi ya wiki sita kwa njia hiyo. Siku hizi nahariri kila kitu kwenye kompyuta kwanza, kisha ndipo napeleka. MusicBrainz, hifadhi ya taarifa za muziki inayojazwa na watu wa kujitolea, inaruhusu msanii mmoja kuwa na majina mengi, na mtu yeyote anaweza kuongeza kilichokosekana. Nimeongeza kidogo.

Santuri za dakika chache zina shida yake. Rumba nzima haikuweza kukaa upande mmoja, ikakatwa: sehemu ya kwanza upande A, ya pili upande B, na mara nyingi sebene, ile sehemu ya magitaa ya kuchezesha, ndiyo iliyosubiri ugeuze. Nilipozinakili niliziunganisha kuwa faili moja, na baba mdogo aliposikia gitaa likiingia bila kunyanyuka kitini alicheka kwa sauti, kisha akasema kuna kitu kimepotea. Nimemtunzia na zile zisizounganishwa. Kwa nyimbo zinazoshikana, kama za jukwaani, hakikisha seva inapita kutoka faili moja hadi jingine bila pengo. Baadhi hushindwa, na MP3 huzidisha tatizo kwa kuwa huongeza ukimya mfupi mwanzoni na mwishoni mwa kila faili.

Katika kunakili CD, programu nzuri hulinganisha matokeo yako na ya watu wengine walionakili diski hiyo hiyo duniani. Diski zetu nyingi zilichomwa hapa hapa mjini na hakuna mwingine aliyezipeleka huko, kwa hiyo nakili mara mbili ukalinganishe nakala zako mwenyewe. Usichelewe: diski za kuchoma huoza rangi yake, na yangu kumi na moja hazisomeki tena.

Jambo lingine, ambalo muuzaji hatalitaja usipouliza, ni intaneti. Baadhi ya seva haziwezi hata kukuonyesha maktaba yako mwenyewe zisipowasiliana na kampuni. Mwambie muuzaji achomoe waya wa intaneti mbele yako, kisha ucheze wimbo ulio kwenye diski. Baada ya hapo mwambie achomoe wa umeme, auchomeke tena, na mhesabu dakika pamoja. Niliyo nayo sasa, ambayo ni kompyuta ndogo ya ofisini isiyo na feni yenye programu huria, inarudi kwa sekunde 50. Ya dukani niliyoijaribu mwaka jana ilichukua dakika saba, na muuzaji aliniomba nisimwambie mtu ni duka gani.

Nakala ya pili ya kila kitu iko kwa dada yangu Kampemba, kwenye diski ya nje ndani ya bati la maziwa ya unga. Mimi huisasisha kila mwisho wa mwezi, naye hunitoza chupa ya mafuta kwa ulinzi.