Usimwombee Mumeo Aamke Kabla Hujamweleza Habari ya Deni

Msomaji aliyejitia sahihi kwa jina la Mke Aliyechoka ameniandikia hivi, nami nimeifupisha barua yake:

"Shangazi, nina miaka 11 katika ndoa na mume mcha Mungu, lakini hana maono. Karo ya watoto hulipa kabla muhula haujaanza, hadaiwi na mtu, na hapo ndipo anapoishia. Nikimwambia tubadilishe samani, tuhamie nyumba kubwa, au akubali kazi ya ziada aliyopewa ya siku za Jumapili, hunijibu, 'Tulicho nacho kinatutosha.' Wenzangu tulioanza nao maisha wamefika mbali. Nimefunga na kuomba ili Mungu amwamshe, nikilishikilia Neno lisemalo kwamba nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu. Juzi nilitoka kumtembelea rafiki yangu aliyehamia nyumba mpya, nikajilaza bila kula, uso nimeuelekeza ukutani, mpaka kukakucha. Je, niishi na mtu aliyeridhika namna hii hadi lini? Halafu, Shangazi, ni dhambi mke kukopa bila mumewe kujua, ikiwa nia yake ni njema?"

Binti yangu, pole kwa uchovu. Kumwona mwenzako akipiga hatua huku wewe ukijiona umesimama ni jambo linalouma, wala sitakuambia kwamba haliumi.

Hata hivyo, nitaanza na swali lako la mwisho, kwa sababu naamini ndilo lililokushikisha kalamu. Mtu haombi hukumu ya deni ambalo hajalichukua. Umekwisha kukopa, na yamkini siku ya kulipa imekaribia au imepita, na hilo ndilo lililokunyima usingizi kuliko nyumba ya rafiki yako. Unaposema mumeo hadaiwi na mtu, wewe unajua kwamba nyumba yake inadaiwa, ila yeye bado hajui. Ndiyo, kumficha ni kosa, na nia njema hailifuti, kwa sababu nia iliyo njema kweli haihitaji kufichwa chini ya godoro.

Sasa tumzungumzie yeye. Ingekuwa watoto wanafukuzwa shule au wanalala njaa huku baba yao akitaja kuridhika, ningekuwa wa kwanza kumkemea, tena kwa maneno ya Paulo aliyomwandikia Timotheo, kwamba mtu asiyewatunza wa nyumbani mwake ameikana imani. Lakini huyo siye mume uliyenieleza. Uliyenieleza anafanya kazi, analipa kwa wakati, na ameikataa kazi ya Jumapili ambayo, kama ulivyoandika mwenyewe kwa kulalamika, ingemwondoa ibadani na kwa watoto wake. Mimi namwona mtu anayejua kipimo chake, na kwa hakika nipo upande wake.

Hilo Neno unaloliombea, binti yangu, umelikata kichwa. Paulo aliwaandikia Wafilipi akiwa kifungoni, akiwashukuru kwa msaada waliompelekea kwa mkono wa Epafrodito. Hapo ndipo alipowaeleza kwamba amejifunza kuwa radhi na hali yoyote aliyo nayo, kwamba anajua kudhiliwa na anajua kufanikiwa, anajua kushiba na anajua kuona njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa. Na baada ya kuyasema hayo yote, katika mstari wa 13 wa sura ya 4, ndipo anapotamka kwamba anayaweza mambo yote katika yeye amtiaye nguvu. Mambo hayo anayoyaweza ni pamoja na kukosa. Wewe umelichukua neno la mfungwa aliyetulia katika minyororo yake, ukaligeuza kuwa ombi la kochi jipya. Tena tazama kwamba alisema amejifunza. Hakuzaliwa ameridhika, wala hakuamka asubuhi moja akajikuta hataki kitu; alifundishwa na miaka ya kusafiri, kupigwa, kushona mahema ili apate riziki, na kumwona Kristo akimtosha katika kila hali. Neno la Kiyunani alilolitumia lilikuwa maarufu kwa wanafalsafa wa Kistoa, waliolitumia kumsifu mtu anayejitosheleza kwa nguvu zake mwenyewe. Paulo hajitoshelezi, anatoshelezwa na mwingine, na hapo ndipo kuridhika kwa Mkristo kunapotengana na ule ugumu wa moyo wa mtu aliyejizoeza tu kutotamani.

Hata kule kujilaza kwako kumekwisha kuandikwa. Soma Wafalme wa Kwanza, sura ya 21. Mfalme Ahabu, mwenye jumba na ufalme mzima, alilitamani shamba la mizabibu la jirani yake Nabothi ili aligeuze kuwa bustani ya mboga. Aliponyimwa, alijilaza kitandani, akageuza uso, akakataa kula. Mboga, binti yangu! Mtu mwenye ufalme anasusa chakula kwa ajili ya bustani ya mboga. Na kilichomharibu zaidi ni kwamba alikuwa na mwenzi aliyemwahidi kumpatia, bila kujali njia. Wewe umebahatika kuolewa na mtu asiyekukubalia kila unachokililia, nawe hiyo unaiita laana.

Ndoa nyingi za siku hizi ninazoandikiwa hazivunjwi na njaa, zinavunjwa na macho. Zamani mtu alijilinganisha na jirani mmoja au wawili, akalala. Leo mke yumo kitandani pembeni ya mumewe, taa imezimwa, na katika mwanga wa simu anapitia sebule za watu mia moja ambao yeye hajui hata wanagombana kwa lugha gani mapazia yakifungwa. Asubuhi anaamka amemkasirikia mtu aliyelala salama karibu naye. Waume nao wana lao, la magari na la wake za watu, na hao nitawaandikia siku yao. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao, nao hawakuwahi kuuona msala upitao mkononi, usiku na mchana, bila kukoma.

Sikusemei kutoka juu. Katika ndoa yangu changa nilinunua kwa mkopo seti ya bilauri nzuri, nikazipanga kabatini ili wageni wazione, na kwa muda mrefu sisi wenyewe tukanywea vikombe vya plastiki huku nikilipa kidogo kidogo kwa hofu. Jioni moja mume wangu alifungua kabati, akatoa bilauri mbili, akazifuta vumbi kwa upindo wa shati lake, akanimiminia maji, akakaa. Hakusema neno. Nilikunywa nikilia, kwa sababu nilikuwa nimeyanunua macho ya wageni na kumsahau mtu wa kunywa naye.

Basi fanya hivi. Leo usifunge wala usikeshe. Chukua karatasi, uandike kiasi chote unachodaiwa, kwa nani, na tarehe ya kulipa, bila kupunguza hata kidogo ili kionekane kidogo. Kile ulichokinunua na hakijatumika, kirudishe au kiuze. Watoto wakishalala, mpe karatasi hiyo mkononi. Usianze na habari ya maono yake, wala ya mafanikio ya wenzako, wala usilie kabla hajamaliza kusoma, maana machozi yako yatamlazimisha akubembeleze wewe wakati yeye ndiye aliyeumizwa. Akikasirika, mwache akasirike, ana haki. Dawa ya deni ni kulipa, na kwa jinsi ulivyonieleza tabia yake, nadhani atakuwa wa kwanza kutafuta kalamu ili mpange malipo.

Mkimaliza, mwombe akusomee Waebrania 13, mstari wa 5. Wengi huishia pale panapotuagiza tuwe radhi na vitu tulivyo navyo, wakadhani ni amri ya kuvumilia tu, lakini sababu ya agizo hilo imewekwa hapo hapo: kwamba Mungu mwenyewe amesema hatakupungukia kabisa wala hatakuacha kabisa. Hakukuahidi nyumba ya rafiki yako. Amekuahidi kuwapo kwake, na nahisi mumeo amekuwa akiishi kwa ahadi hiyo miaka yote hii huku wewe ukidhani amelala.

Kisha niandikie tena, unieleze alivyokujibu, kwa maneno yake mwenyewe na kwa urefu, maana katika barua nzima ya miaka 11 umemwachia sentensi moja tu.