Picha moja niliyoifuta

Siku mchumba wangu aliponivisha pete, niliposti picha kabla hata sijampigia mama simu. Mama akaiona kwenye simu ya jirani. Hapo tu ningeshtuka, lakini nilikuwa bize na komenti: "Shem yuko vizuri!" "Kamati inaanza lini?" Watu nisiowahi kunywa nao hata chai walishajipa ushemeji.

Miezi minne baadaye tukagombana kuhusu kodi ya nyumba. Kwa hasira nikafuta picha moja tu, ile ya pete. Saa mbili usiku shangazi kapiga kutoka Moshi: "Mwanangu, mmeachana?" Kesho yake dada zake mchumba wangu wakamkalisha kikao. Ugomvi wa kuisha kwenye sahani ya ugali ukachukua wiki tatu, kwa sababu kila mmoja wetu sasa alikuwa na watu nyuma yake, na anayeomba radhi mbele ya watu huona kama kashindwa.

Na mimi nilishawafanyia wengine hivyohivyo. Tarehe 14 Februari 2018, Zari alipotangaza Instagram, kwa picha ya waridi jeusi, kwamba ameachana na mwanamuziki Diamond Platnumz, tulibishana saluni mpaka nikanuniana na rafiki yangu. Hatukuwajua hata kidogo!

Kwa hiyo, dada yangu, muulize kwanza mwenzako kama anataka kuonekana. Wangu hakutaka. Nilimbana: "Unamficha nani?" Kumbe ni mtu wa aibu tu, hata kwenye picha za ukoo husimama nyuma. Kutopostiwa si ushahidi wa mchepuko, na kupostiwa si cheti cha ndoa. Wapo wanaopostiwa kila Jumapili na wanalia kila Jumatatu. Ukikasirika, usiguse ukurasa wako mpaka mlale, mwamke. Stetasi ya mafumbo hufutika baada ya saa 24, ila skrinshoti haifutiki, na yule aliyekusudiwa huwa wa mwisho kuiona.

Nawe unayetazama, acha kumwambia mwenzako "ona wenzio." Nilimwonyesha wangu shada la noti alilopewa rafiki yangu siku ya kuzaliwa. Baadaye rafiki huyo akanisimulia: noti zilikuwa za kuazima, zikarudi kwa mwenyewe asubuhi.

Siku hizi nikipiga picha namwonyesha kwanza. Nyingi anazikataa. Anasema tumbo linaonekana.