Uliza Tukujibu: Eti seli za kongosho zaweza kugeuka?

SWALI: Asalam aleikum. Mwanangu ana miaka 12, ana sukari ile ya kudungwa insulini kila siku, na dawa twaiweka kwa friji ya jirani maana kwangu stima yapotea kila mara. Sasa kuna mtu ametuletea unga, asema wageuza seli zengine za kongosho ziwe za kutoa insulini na mtoto ataacha sindano. Akanionyesha na habari kwa simu kuwa wataalamu washafanya hivyo. Ni kweli? – Mama, Kisauni

JIBU: Waleikum salam dadangu, na pole sana, kumdunga mwanao kila siku si kazi ndogo. Hiyo habari ya kwa simu ni kweli. Uwongo ni huo unga.

Kongosho sehemu kubwa yake yatoa maji ya kusaga chakula, halafu ndani mna vifungu vidogo vidogo vya seli vimetawanyika kama zabibu kwenye pilau, humo ndimo mna seli za beta zinazotoa insulini. Za mwanao zimeuliwa na kinga yake mwenyewe. Sasa, karibu kila seli ya mwili ina jeni zote, yaani maagizo ya kuiambia seli ifanye kazi gani, hata ile ya kusaga chakula inayo jeni ya insulini ila imefungwa tu, na mwaka 2008 wataalamu kina Qiao Zhou na Douglas Melton wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, waliingiza jeni tatu kwa virusi ndani ya kongosho la panya waliokomaa, seli za kusaga chakula zikaanza kutoa insulini na sukari ya panya ikashuka.

Ile kazi ya wataalamu wa Geneva, Uswisi, mwaka 2010, ndiyo iliyonigusa zaidi. Panya waliuliwa karibu seli zote za beta, na bila kuingiziwa jeni yoyote ya kuzigeuza, baadhi ya seli za alfa, zile ambazo kazi yake ni kupandisha sukari, zikageuka zenyewe zikawa zatoa insulini. Lakini sikiza hapa mamangu: hao panya waliishi kwa sababu walikuwa wakipewa insulini, kama hawangepewa wangekufa kabla hata seli hazijageuka. Mwaka 2019 wakafanya na seli za alfa za binadamu, maabara, kisha wakazipandikiza kwa panya wenye kisukari, nazo zikatoa insulini.

Bado haijawa tiba ya kupewa mtoto hospitalini. Hata zikigeuka, kinga ile ile iliyoua za kwanza yaweza kuzirudia hizi mpya. Na kugeuka si kuzuri siku zote, kongosho likivimba kwa ugonjwa zile seli za kusaga chakula hugeuka zikafanana na za mirija, na saratani ya kongosho yaweza kuanzia hapo, kwa hivyo unga ambao kweli ungegeuza seli ovyo ovyo mimi ningeuogopa zaidi.

Mrudishie mwenyewe unga wake. Sindano ya leo usiiruke, na ukimwona mtoto atapika, apumua kwa kasi na kwa nguvu, mdomo wanukia kama matunda, usingoje asubuhi, mkimbize hospitali usiku huo huo.